Sema Tena, Mwanangu

Juu ya mlango wa jiko langu pananing'inia kata ya kifuu cha nazi. Mpini wake ni wa mpera, na moshi wa miaka mingi umeupaka weusi unaong'aa. Wajukuu wameniuliza mara nyingi kwa nini siitumii wala siitupi, wakati nyumba ina bomba na vikombe vya plastiki vya kila rangi. Huwa nawajibu kwamba ni kumbukumbu ya mchezo, nao huondoka bila kuuliza ni mchezo gani. Wewe una muda, na chai ya mchaichai bado ya moto. Vuta kigoda nikusimulie.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mmoja wa wale tulioitwa walimu wa UPE. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1977 walimu hawakutosha, hivyo tulichukuliwa tukiwa wabichi kabisa, tukajifunza kazi tukiwa tayari tumeshika chaki. Mimi nilipangiwa kijiji kimoja cha Mkoa wa Pwani, ndani kidogo kutoka Bagamoyo, pale minazi inapoanza kupungua na mikorosho inaposhika zamu. Jina la kijiji nitaliacha. Waliohusika wana watoto na wajukuu, na si vizuri mtu aamke asubuhi akute ukoo wake umeanikwa karatasini.

Laiti ungekijua kijiji kile ikifika Oktoba! Moshi wa korosho zinazochomwa ulikuwa unawasha macho tangu kona ya kwanza ya njia. Watoto walikuja darasani na vidole vyeusi kwa utomvu wa maganda, na daftari zilinuka korosho mpaka mwezi wa kwanza. Jioni watu walikusanyika dukani kusikiliza Redio Tanzania. Palikuwa na redio moja kubwa aina ya National iliyokalia gunia la chumvi, na betri zake zikichoka mwenye duka alizianika juani zipate nguvu ya kumalizia wiki. Tuliwacheka Pwagu na Pwaguzi mpaka machozi. Kisha mwaka 1993 ukaja mchezo wa Twende na Wakati, na yule dereva wa lori aitwaye Mkwaju akawa kama mkazi wa pale kwetu. Siku moja mama mmoja alipiga paja akasema, "Huyu Mkwaju na safari zake za usiku, iko siku atamletea mwenzake maradhi!" Mumewe, ambaye naye alikuwa na safari zake za usiku, aliinama akawa anachezea kamba ya ndala. Hakuna aliyemtaja. Alitajwa Mkwaju, na kila aliyekuwapo alielewa.

Tena sisi watu wa Pwani hatukuwa wageni wa maigizo. Mwali akivunja ungo alifichwa ndani, na siku ya kuchezwa kwake wanawake walikesha. Sitakuambia yanayofanyika humo, maana nami nimechezwa. Ila nikuambie hivi: makungwi wale walijua kuimba, kuigiza na kuchekesha kiasi kwamba hakuna jambo la mwili wa mwanamke lililokosa wimbo wake. Humo ndani wanawake walisema kila kitu. Wakitoka nje, wakakutana na mtoto aliyeharibiwa na ndugu yake mwenyewe, vinywa vile vile vilitiwa kufuli. Hilo halikuwa na wimbo.

Mwaka 1991 nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tano, kinara wa hesabu za kichwa. Alikaa dawati la mbele kabisa, akinukia mafuta ya nazi, na kabla sijamaliza kuuliza alikuwa ameshanyoosha kidole na nusu ya mwili wake iko hewani. Wiki moja hakuonekana. Nilipokwenda kwao mama yake aliniambia mtoto anaumwa tumbo. Alisema hivyo akiwa anapepeta mchele, wala hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Nikiwa njiani kurudi nikaona mbuzi mweupe anavutwa kukatiza uwanja wa shule kuelekea nyumba ile. Nikamuuliza aliyemvuta kama kuna sherehe. Akasema, "Hapana, mwalimu. Ni mbuzi wa kufuta aibu."

Nilielewa. Tuelewane vizuri hapo, maana ndipo penye kidonda changu: nilielewa siku ile ile. Nilisikia kwamba ndugu mmoja wa nyumba ile amesafiri ghafla kwenda Dar es Salaam, na wazee wamekaa, na mambo yamemalizwa kifamilia. Nilipomgusia mzee mmoja aliniambia kwa upole sana, "Mwalimu, wewe fundisha. Ya ndani yana wenyewe." Nikarudi kusahihisha madaftari. Mtoto aliporejea shuleni alichagua dawati la mwisho, karibu na mlango. Alimaliza darasa la saba pale pale mlangoni, na sikumwona tena akinyoosha kidole.

Habari za sanaa shirikishi, yaani wanakijiji kuigiza shida zao wenyewe, nilikuwa nimezisikia kwa masikio tu. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kufundisha Usukumani alinisimulia ya Malya, Mwanza, ambako mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikaa na wanakijiji wakawaacha wachague wenyewe jambo la kuigiza. Wanakijiji wakachagua mimba za wasichana wa shule. Enzi hizo binti akipata mimba alifukuzwa, na ilichukua mpaka Novemba 2021 serikali kutamka kwamba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Halafu mwaka 1996 wahadhiri hao wawili wakaanzisha Tuseme katika shule za sekondari, wasichana wakawa wanachambua shida zao na kuzionyesha jukwaani. Jina lenyewe lilinipendeza. Baadaye Tuseme ilivuka mipaka ikafika nchi nyingine za Afrika.

Kwetu walikuja Oktoba 1997, vijana watatu waliosomea sanaa Bagamoyo, wakiwa na ngoma mbili, begi la vitenge na karabai. Walipanga kukaa siku kumi. Utakumbuka mvua za mwaka ule, zile za El Niño. Ziliposhuka zilibeba daraja la magogo, barabara ikawa mto, na wageni wetu wakabaki kijijini wiki tano. Nimewaza mara nyingi kwamba bila mvua zile lisingefanyika lolote. Siku kumi zingetosha kwa nyani.

Ndiyo, nyani. Siku ya kwanza waliitisha mkutano chini ya mwembe wakauliza kijiji kina matatizo gani. Mwenyekiti akasimama akasema nyani wanamaliza mahindi. Akafuata mwingine, naye nyani. Wa tatu akasema nguruwe pori, pakazuka ubishi wa nusu saa kati ya watu wa nyani na watu wa nguruwe. Wanawake walikaa upande wao kimya, wakisuka ukili. Vijana wale hawakubisha. Waliandika nyani, wakashukuru, na kesho yake dada mmoja wa kundi lile akachukua ndoo akaenda kisimani na wanawake. Akaenda siku ya pili na ya tatu. Mvua ilimfanya mwenyeji, kwa maana mtu anayekanyaga tope lile lile na wewe huwezi kumwita mgeni. Siku ya sita au ya saba mama mmoja, akiwa amejitwisha ndoo tayari na ameanza kuondoka, alisema bila kugeuka, "Na watoto wa kike, dada. Andikeni na watoto wa kike."

Mimi niliombwa niwakusanye wasichana wa darasa la sita na la saba. Hawakuulizwa swali hata moja. Dada yule aliwaomba wachore kijiji kwenye mchanga wa darasani, uliokuwa mkavu kwa kuwa bati la upande ule halikuvuja. Wakachora njia, kisima, msikiti, shule, na nyumba kwa vijiti. Kisha akawapa majani na kokoto. Weka jani mahali unapopapenda, weka kokoto mahali ambapo hupendi kubaki peke yako. Mimi nilitazamia kokoto kichakani na njia ya mtoni, ambako ndiko tulikowaonya wasipite jioni. Chache zilikwenda huko. Nyingi ziliwekwa kwenye nyumba. Ziliwekwa kimyakimya, msichana anapita, anainama kama anayerekebisha kiatu, anaondoka. Niliitazama ramani ile, nikazijua nyumba zote, maana nilikuwa nimekula ndani ya kila mojawapo.

Basi kikundi cha utamaduni cha kijiji kikaanza mazoezi. Kazi ilikuwa kumpata mbaya wa mchezo. Ilikubaliwa awe mjomba, na hapo moto ukawaka, kwa kuwa watu wa nchi ile, Wakwere na Wazaramo, wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake kuliko unavyodhani. Wanaume wawili walijitoa. Aliyekubali ni fundi seremala, kijana mpole ambaye hata kuku alimchinja akiwa amefumba macho. Wakampaka masizi usoni, wakamfundisha kuunguruma. Kila alipoingia watoto waliochungulia dirishani walicheka.

Kungwi mkuu wa kijiji alikuwa anakuja kukaa mlangoni wakati wa mazoezi, akitafuna tambuu, hasemi neno. Alikuwa amewacheza nusu ya wanawake wa pale, nami nilimwamkia kwa magoti. Siku moja alitema, akafuta midomo kwa pindo la kanga, akasema, "Huyu hawajui wajomba. Wabaya hawaji na masizi. Wanakuja na sukari."

Palinyamaza. Lazima uelewe sukari ilikuwa nini kwetu. Tulikuwa tumepitia miaka ya mwanzo ya themanini, ya foleni na vibali, mtu alipochomoa kilo ya sukari kwenye mfuko mbele ya watu akaonekana mfalme. Hata mwaka 1997, dukani ikiwapo tele, sukari ilikuwa bado na heshima yake. Fundi akanawa uso. Akavaa shati jeupe na kofia ya kiua, akaingia polepole na karatasi ya sukari mkononi, akapiga hodi, akasema, "Shikamoo, dada. Wapwa zangu hawajambo?" Nywele zilinisimama. Dirishani watoto hawakucheka tena.

Binti wa mchezo aliigizwa na mama kijana wa miaka ishirini hivi, kwa sababu hakuna mzazi aliyemtoa mwanawe. Tulibishana sana aseme nini. Mmoja akapendekeza maneno marefu ya kuhuzunisha. Dada wa Bagamoyo akaniuliza mimi, mwalimu, watoto husemaje. Nikasema watoto hawalitaji jambo. Wanasema ya pembeni. Wanasema tumbo linauma, au hawataki kwenda kwa shangazi, au wanauliza fulani ataondoka lini. Basi binti akapewa sentensi moja: "Mama, mjomba akija, sitaki kubaki nyumbani." Na mama, aliyekuwa akichota maji mtungini kwa kata, alitakiwa kujibu, "Nyamaza, usinitie aibu," huku akiendelea kuchota. Hapo mchezo unasimama, na watazamaji wanaulizwa wangefanya nini. Tukauita Siri ya Mtungi, kwa ile methali kwamba siri ya mtungi aijuaye kata.

Siku ya maonyesho mvua ilikata tangu asubuhi. Ngoma zilipashwa moto kwa makuti makavu, zikalia mpaka kijiji cha pili, na mdundiko ukazunguka njia zote ukikusanya watu. Walikuja wenye miamvuli na wenye majani ya migomba. Vijana walipanda mwembeni, tawi moja likakatika na wanne wakashuka pamoja nalo, hakuna aliyeumia, na watu wakacheka kicheko kile cha kijiji kizima ambacho siku hizi sikisikii tena popote. Harufu ya udongo mbichi, ya vitumbua, ya mafuta ya taa ya karabai iliyowashwa mapema kwa kuwa wingu lilikuwa zito. Nikifumba macho sasa hivi naisikia.

Fundi alipoingia na sukari yake, kicheko kiliisha taratibu kama maji yanayoingia mchangani. Mzee mmoja alimrushia ndala. Fundi aliendelea kutabasamu, maskini, kama alivyofundishwa. Wiki mbili baada ya siku ile watoto walimkimbia njiani, na mama muuza mihogo alikataa kumuuzia mpaka alipokuja na mkewe kumtetea.

Binti akasema sentensi yake. Mama akajibu, "Nyamaza, usinitie aibu," na kata ikagonga mdomo wa mtungi. Ngoma ikapigwa mara moja, mchezo ukasimama. Kijana wa Bagamoyo akageukia watu: "Wazee wangu, akina mama, huyu mama afanyeje?"

Kimya. Balozi mmoja akasema mambo haya ni ya kuongelewa ndani. Mwingine akasema tunawafundisha watoto utovu wa adabu. Mwanamume wa tatu, ambaye sikumtegemea, akasema yeye ana mabinti wanne na anataka kusikia mwisho. Wakaanza kubishana. Katikati ya kelele zile nikamwona kungwi anainuka. Alivuka uwanja taratibu, akamshika bega yule aliyeigiza mama, akampokea kata, akakaa kwenye kigoda chake. Watu wakaanza kunyamazishana wenyewe. Akachota maji, akayamimina, akachota tena. Kisha akaweka kata chini, akaifudikiza, akamtazama binti.

"Sema tena, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nachota maji, sikusikia."

Mwigizaji alisahau kwamba anaigiza. Alifungua mdomo mara mbili kabla sauti haijatoka. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtoto kweli: "Mama, mjomba akija, sitaki kubaki nyumbani." Kungwi akamvuta akamkalisha mkekani karibu naye, akamfunika kwa kanga yake. Hakusema lingine. Wakakaa hivyo, na kijiji kizima kikawatazama. Mchezo tuliouandaa ulikuwa na hakimu mwenye nywele za katani na wimbo wa mwisho. Hakuna aliyekumbuka kumwita hakimu.

Nilipoinua macho nilimwona yule mwanafunzi wangu wa hesabu. Alikuwa amesimama pembeni, upande wa barabarani, msichana wa miaka kumi na minane, mtoto mgongoni. Hakuwa anatazama uwanja. Alikuwa ananitazama mimi.

Siku ya tatu nilikwenda kwake. Nilikaa kwenye kizingiti nikamwambia kwamba mwaka ule nilijua, na nilijifanya sijui. Alikuwa anakoroga uji. Akasema, "Najua, mwalimu. Nilikuona ukiuliza habari za mbuzi." Kisha akaniletea maji ya kunywa. Nimepokea sifa na vyeti katika kazi yangu, lakini maji yale ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko vyote mkononi.

Usidhani kijiji kiligeuka kwa jioni moja. Wako waliokaza mioyo zaidi. Ila Desemba ile, usiku wa manane, mama mmoja aligonga mlango wangu na binti yake wa miaka tisa. Akasema, "Mwalimu, ameniambia, na nimesikia." Alfajiri tulidandia lori la mkaa kwenda kumpeleka mtoto hospitali, kisha polisi. Tulikofika, askari alituuliza kama hatuwezi kwenda kuyamaliza nyumbani. Mama yule, mwanamke asiyejua kusoma, alisema nyumbani ndiko yalikoanzia. Mtuhumiwa alikuwa ameshakimbia na hakuonekana tena. Lakini hakuna mbuzi aliyevutwa kukatiza uwanja wa shule, na mtoto aliporudi darasani nilimwambia achague dawati alitakalo. Alichagua la katikati, karibu na rafiki yake.

Mwaka uliofuata, 1998, Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo wanawake wengi walikuwa wameihangaikia, wakiwemo wanachama wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake. Kifungo cha mbakaji kikawa kisichopungua miaka 30, na kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 kikawa cha maisha. Kwangu lililo kubwa lilikuwa jingine: mahakama ikaruhusiwa kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Niliposoma habari hiyo gazetini nilikwenda kumsomea kungwi. Alisikiliza, akauliza, "Yaani mtoto akisema, inatosha?" Nikamjibu kwamba akisema na akaaminiwa, inatosha. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Baada ya masika kungwi alipanda basi kwenda Tanga. Watu walishangaa, kwa kuwa hakuwa amepata kulala nje ya kijiji. Binti yake wa kwanza alikuwa ameondoka nyumbani akiwa kigoli, miaka mingi kabla sijafika mimi, akaishia huko wala hakurudi hata kwa sikukuu. Alikaa wiki tatu. Hakunisimulia kitu, nami sikumuuliza. Aliniletea tu kikapu cha machungwa ya Muheza, matamu kama asali, akakaa kwenye kigoda kile unachokalia wewe akanimenyea moja kwa mkono wake. Alipofariki tulimwona binti yake msibani, mwanamke mtu mzima, uso ule ule. Kata hii ndiyo niliyoachiwa mimi.

Sasa hivi ukifika kijijini hutapajua. Daraja ni la zege, bodaboda zinapita usiku kucha. Pale penye mwembe pamesimama mnara wa simu, na sitasema ni vibaya, maana leo mtoto au jirani anaweza kupiga namba 116 bila malipo akasikilizwa, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mama yule wa lori la mkaa asingeulizwa alichoulizwa. Kikundi cha utamaduni kilikufa polepole. Kwanza vilikuja vibanda vya video, vijana wakavifuata. Kisha fedha za nauli za wawezeshaji zikakatika. Ngoma moja ililiwa na mchwa, nyingine sijui aliichukua nani. Fundi seremala ana duka la milango ya aluminiamu na wajukuu watatu wanaompenda sana. Michezo ipo, mizuri tu, kila mtu anaitazama simuni akiwa na waya masikioni. Ila mtu akitazama peke yake hawezi kuinuka akamnyang'anya mwigizaji kata. Hilo limekwenda na mwembe wake, nami nalililia, ingawa najua miembe huzeeka kama watu.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na takriban nusu yao hawakumwambia mtu yeyote. Nilipoisoma hesabu hiyo nilikumbuka kokoto kwenye mchanga wa darasa langu. Lakini nikawaza na ile nusu nyingine. Wale walisema. Walimwambia mtu, labda kwa sentensi moja ya pembeni, kama ile ya binti wetu. Na wewe na mimi tunajua ni wangapi walioambiwa walikuwa wanachota maji.

Kwa hiyo, ndugu yangu, chai imekwisha na jua linazama, nikuombe jambo moja kabla hujaondoka. Mtoto akija akakuambia hataki kwenda mahali fulani, au hataki kubaki na mtu fulani, hata mtu huyo awe mwema kiasi gani kwenye ukoo na hata awe ameleta sukari, acha unachofanya. Weka kata chini. Na kama alishawahi kukuambia zamani ukamnyamazisha, bado hujachelewa kumwendea, awe na miaka kumi au arobaini, ukamwambia: sema tena, mwanangu.